Kabla Hujauziba Mwanya Ule

Kisugu, Kampala
Jumapili jioni

Mwanangu Nsimire,

Mama yako anapiga pasi nguo zako chumbani na amenikataza kuingia. Anasema nikiingia nitaanza kupanga upya begi ambalo yeye ameshalipanga. Anasema kweli. Kwa hiyo nimekaa hapa sebuleni na kalamu, wewe ukiwa umekwenda kuwaaga majirani.

Mambo ya safari ameshakueleza yeye: ukae upande gani wa basi, umpigie nani ukifika Arua, chumba ulichopangishwa kina kufuli la namna gani. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na ni lile tuliloliacha mezani siku ya Ijumaa.

Ulikuwa na furaha siku hiyo. Ulitueleza kwamba hospitali unayokwenda kuwafundisha wauguzi mfumo wa kompyuta ina tabia moja mbaya. Nesi mmoja anafungua tableti asubuhi kwa jina lake, kisha zamu nzima inaandika kwa jina hilo hilo. Neno la siri la sista msimamizi linajulikana mpaka jikoni. Bosi wako amekutuma uuzibe mwanya huo wiki yako ya kwanza: kila mtu aingie kwa jina lake, asiyekuwa na ruhusa asipite. Nikakuuliza, "Na jioni, sista akiwa ameshakwenda kwake?" Ukacheka, ukasema, "Papa, hivyo ni visingizio. Manesi wanaidanganya mashine kwa sababu hawataki kujifunza."

Nikasimama, nikasema nakwenda kununua maji, ingawa dumu lilikuwa limejaa na sote tuliliona.

Tangu hapo tunaongea kwa adabu kama wapangaji wawili wa ua mmoja. Sitaki upande basi tukiwa hivyo. Zaidi ya hapo, sitaki ufike Arua uuzibe mwanya ule kabla hujajua ni nani anapita hapo na anakwenda kufanya nini. Hukunikosea mezani, mwanangu. Niliondoka kwa sababu nusu ya ulichosema ni kweli, na nusu ya pili ingeweza kumpoteza mtoto mmoja wa wodi yangu, nami sikujua nianzie wapi kukueleza.

Naanza na nusu iliyo kweli.

Unajua nilisomea uuguzi Bukavu, katika shule ya sekondari, kama ilivyo kwetu Kongo. Nilitoka shuleni na diploma na koti jeupe lililonipwaya mabegani. Nilipofika Kampala ilinibidi nianze tena kwa Kiingereza, na Kiingereza changu nilikijifunza kwa kusoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Mpaka leo naweza kukuambia kwa Kiingereza kizuri kwamba dawa iwekwe mbali na watoto, lakini nikitaka kumtania mtu narudi kwenye Kiswahili.

Basi tableti zilipoletwa wodini, nikiwa na mvi tayari, zilikuja na kijana wa kutufundisha. Alikuwa mpole, amevaa viatu visafi, na kila sentensi yake ilianza na "bonyeza". Wodi ilimpa jina la Bwana Bonyeza kabla chai ya asubuhi haijaisha.

"Bonyeza hapa. Halafu bonyeza hapa. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," tukajibu sote, wakubwa kwa wadogo.

Akello alikuwa amekaa nyuma yangu. Unamfahamu, ndiye yule binti wa Lira aliyekuja hapa Krismasi, baba yake alikuwa askari na Kiswahili amekulia nacho kambini. Akaniinamia sikioni: "Papa Nsimire, uko pamoja naye wapi? Tableti yako imezimika tangu saa ile."

Kweli ilikuwa imezimika. Nilikuwa nakiangalia kioo cheusi na kutikisa kichwa. Niliona aibu kusema sijaelewa mbele ya watoto niliowafundisha mimi kutafuta mshipa. Waliokuwa na umri wangu walifanya vile vile, na Bwana Bonyeza akaondoka jioni ile akiamini wodi nzima imeelewa. Angeamini nini kingine? Tulimwitikia.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ulichokisema mezani. Niliacha kujifunza. Nilimpa Akello maneno, yeye akawa anaandika kwa jina lake. "Akello, kitanda cha mlangoni nimempa panadoli." "Akello, yule wa pembeni homa imeshuka." Alikuwa na haraka zake mwenyewe, lakini kwa heshima hakunikatalia. Siku moja alikwenda kula kabla sijamwambia, nikamwambia aliporudi, akaandika kwa saa ya kurudi. Mwenzetu wa zamu iliyofuata akahesabu dozi ya pili kutoka saa ile, na saa hiyo haikuwa ya kweli. Mtoto hakudhurika, nashukuru. Ila aliyeitwa ofisini kueleza alikuwa Akello, kwa dawa ambayo hakuigusa.

Alitoka ofisini hakunilaumu. Alisema tu, "Papa Nsimire, leo nimejibu kosa la mikono yako."

Jioni hiyo nilikwenda mwenyewe kueleza ilivyokuwa, na kuanzia kesho yake nilijifunza kuingia kwa jina langu. Nilijifunza polepole. Niliandika hatua zote kwenye kijitabu changu cha kila siku, kwa Kifaransa, nikazikariri ndani ya teksi nikienda kazini. Kwa hiyo usidhani nautetea mwanya. Jina la mtu lisiazimwe. Hilo nakupa bila kubishana, na ukiwaambia Arua sema nesi mzee mmoja wa Kampala amekutuma.

Sasa nusu ya pili.

Kisa cha Bi Zamzam umekisikia. Mmekicheka hapa nyumbani wewe na Mama yako mpaka machozi: bibi kizee wa Kinubi aliyemruhusu mjukuu wake kwenda nyumbani kwa kidole kimoja. Nilikileta kama kichekesho kwa sababu siku ile sikuwa na nguvu ya kukileta kwa namna nyingine. Nilikikata pale penye kicheko. Leo nakueleza kilichobaki.

Mtoto mwenye nimonia anahesabiwa pumzi. Unafunua shati, unaangalia kifua, unahesabu dakika nzima kwa saa ya mkononi. Akilia, unasubiri anyamaze na unaanza upya. Hakuna njia ya mkato. Lakini tableti zetu zilikuwa zimepangwa zijifunge zenyewe zikikaa bila kuguswa, ili mgeni asisome habari za wagonjwa. Ni nia nzuri. Aliyepanga muda huo hajawahi kuhesabu pumzi za mtoto. Unahesabu, unafikia karibu na mwisho, kioo kinazimika. Uandike jina tena, neno la siri tena, umtafute mtoto tena, na namba uliyokuwa nayo kichwani imeshachanganyika na neno la siri.

Wengine wakaacha kuhesabu. Wakawa wanaandika namba ya mtoto mzima, ile ile kwa kila kitanda, na chati zikawa nzuri ajabu. Mimi nilikataa. Nikatafuta ujanja wangu, na niliujivunia sana: nilimpa tableti mama wa mtoto aishike, nikamwonyesha aguse kioo kwa kidole kila mara, kisilale, mimi nihesabu. Wodi nzima ikaniiga. Ungepita siku zile ungewakuta akina mama wamekaa vitandani wanagusagusa vioo kama wanabembeleza vifaranga.

Bi Zamzam alikuja na mjukuu wake Juma, mtoto ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea. Anakaa Kyebando, na marehemu mume wake alikuwa polisi, waliishi miaka mingi kambini Naguru. Kiswahili chake ni kile cha kambi, cha kutoa amri. Nilipompa tableti aliipokea kama mtu anayepokea zamu.

"Musawo," aliniambia, maana wagonjwa wa hapa wanatuita hivyo sote, daktari kwa nesi, "hii kitu yako inapenda usingizi kushinda askari wa geti."

"Ndiyo uiamshe, mama."

"Nitaiamsha. Wewe hesabu mtoto yangu."

Nikahesabu. Juma alikuwa anahema haraka, mbavu zinaingia ndani. Nikachukua tableti, nikaandika namba, nikaenda kitanda cha pili. Sikuangalia juu ya kioo kuna nini. Baadaye nilimuuliza aligusa wapi, akanijibu bila wasiwasi: "Ilileta maneno. Nikagusa ile ya kijani, ikanyamaza."

Maneno yale yalikuwa yanauliza kama kitanda kiachiwe. Ile ya kijani ilikuwa ndiyo. Kwa mashine, Juma alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Sikujua mpaka jioni, nilipokwenda kwenye dirisha la dawa kuchukua sindano yake. Zamani tulikuwa na kabati la dawa wodini. Mfumo ulipokuja, kabati liliondolewa, na dawa zikawa zinatolewa dirishani kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa jina linaloonekana kwenye skrini. Dirishani alikuwepo Moses.

"Juma, wodi ya watoto," nikamwambia.

Akatazama. "Musawo, huyo hayupo."

"Yupo."

"Hayupo. Amekwenda nyumbani. Na aliyemruhusu ni wewe."

"Moses, nimemwacha sasa hivi ana mpira wa oksijeni puani."

"Basi amekwenda nyumbani na mpira wetu."

Foleni yote ikacheka. Hapo ndipo huwa nakatisha ninapokisimulia. Lakini Moses alishusha sauti akaniambia, "Mzee wangu, nikitoa dawa kwa mtu asiyekuwepo, kesho asiyekuwepo nitakuwa mimi. Mrudishe kwenye skrini, nakupa sasa hivi."

Nikarudi wodini kumrudisha. Kuachia kitanda kulikuwa ruhusa ya nesi yeyote. Kumrudisha mgonjwa kulikuwa ruhusa ya sista msimamizi peke yake. Sista Goreti alikuwa ameshatoka. Daktari wa zamu alikuwa ndani ya upasuaji. Nilijua hayo yote, na bado nilisimama katikati ya wodi nikipigana na kioo kile. Nilikizima, nikakiwasha. Nilimtafuta Juma kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa kitanda. Nilijaribu kumwandikisha upya kama mgonjwa mgeni, mashine ikakataa kwa sababu mtu huyo inamfahamu tayari. Sijui nilisimama hapo muda gani. Ninachojua ni kwamba mgongo wangu ulikuwa umemgeukia.

Bi Zamzam akaniita. Hakupaza sauti.

"Musawo. Mtoto iko huku. Huko unatafuta nani?"

Nikageuka. Juma alikuwa anapanua pua kila anapovuta hewa, na sauti ile ndogo ya kuguna ilikuwa imeanza. Unaikumbuka sauti hiyo? Wewe mwenyewe uliitoa ukiwa mdogo, kule Bukavu, na Mama yako mpaka leo hawezi kuiigiza. Mtoto akifika hapo hana muda wa kungoja watu wazima waelewane.

Nilimwinua kichwa, nikaongeza oksijeni, nikamwita Akello. Akello alikuwa na neno la siri la Sista. Sista alimpa mwenyewe, kwa siku kama hizo, na kila mtu aliyekuwa na akili alijifanya hajui.

"Papa Nsimire," Akello akasema, "nikifungua kwa jina lake, atakayejibu ni yeye." Alikuwa bado hajasahau ofisi ile.

"Mpigie kwanza."

Akapiga. Sista alikuwa juu ya boda, tulisikia pikipiki na honi. Akello akaanza kueleza kwa utaratibu, mgonjwa ameachiwa kwa makosa, dirisha la dawa limekataa. Sista hakumngoja amalize.

"Akello! Mnaniuliza ruhusa na mtoto anahema? Fungua! Mengine nitajibu mimi."

Akello akafungua. Alibana midomo kama mtu anayetoboa mshipa mgumu. Jina la Juma likarudi kwenye kitanda chake. Nilikimbia mpaka dirishani, mimi ambaye huwakataza wanafunzi kukimbia kwenye korido. Moses alikuwa ameshaitayarisha dawa, ameishika mkononi.

Juma alichomwa sindano yake. Daktari alipotoka upasuaji alikuja moja kwa moja, akabadilisha mambo mawili matatu, na kufikia alfajiri ile kuguna kukaisha. Siku ya tatu alikuwa anamrushia bibi yake uji. Hapo ndipo Bi Zamzam alipoanza kutamba wodini: "Kumbe mimi iko na cheo! Mzee yangu alikaa polisi mpaka akastaafu, hakuruhusu hata mbuzi. Mimi kidole moja tu, mtu huru!"

Sote tulicheka, nami nilicheka. Lakini sasa unaona, mwanangu. Jioni ile, njia pekee ya kumfikishia mtoto dawa yake ilikuwa ule mwanya. Jina la kuazima. Mtu kama wewe angekuwa ameshauziba asubuhi yake, kwa bidii na kwa nia njema, Sista angepiga kelele zake juu ya boda bure.

Na walitaka kuuziba kweli. Haikupita hata wiki, ofisi iligundua jina la Sista limetumika akiwa amekwisha saini kutoka. Tukaitwa wote, Bwana Bonyeza akakaa mbele. Alieleza vizuri, kwa upole wake ule ule, kwamba maneno ya siri yatabadilishwa yote siku hiyo na atakayetoa lake ataadhibiwa. "Tuko pamoja?"

Wenzangu wakajibu, "Tuko pamoja."

Nami nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kuitikia. Mazoea ni kitu kibaya. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu cha vikaratasi kwamba hatuko pamoja. Nikaeleza habari ya kioo kinacholala, ujanja wangu wa kuwapa akina mama tableti, kile kitufe cha kijani, dirisha la dawa, yote. Nilisema ujanja ule ni wangu na kitanda kiliachiwa kwa jina langu, kwa hiyo anayetaka mtu wa kulaumu aanze na mimi. Halafu nikamwomba kitu kimoja: kabla ya kubadilisha chochote aje wodini zamu moja, avue koti, anisaidie kuhesabu pumzi.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuja jioni ile ile.

Nikampa saa yangu na kitanda cha Juma. Akaweka tableti pembeni, akafunua shati, akaanza kuhesabu huku midomo ikicheza. Kioo kikazimika. Akakitazama, akamtazama mtoto, akaanza upya. Kikazimika tena. Bi Zamzam alikuwa amekaa mguu juu ya mguu pembeni ya kitanda.

"Kijana," akamwambia, "nikusaidie kugusa?"

Sijawahi kuona mtu akijifunza haraka namna ile. Alitoa simu yake akaanza kuandika. Alibaki mpaka zamu ikabadilishwa. Aliwaona wale wanaoandika namba kwenye plasta na kuibandika pajani ili waje kuandika baadaye. Aliona tableti moja inachajiwa na tatu zinasubiri soketi hiyo hiyo. Alimwona Akello akitembea mpaka dirishani kwa sababu mtandao haufiki kona yetu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kwa mpangilio huu. Kwanza kioo kikaacha kulala katikati ya hesabu. Halafu ikapatikana ruhusa ya kumrudisha mgonjwa kwa majina mawili ya manesi walio zamu, wote wawili pamoja, kila mmoja kwa neno lake. Halafu likarudi kisanduku kidogo cha dozi za kwanza wodini. Na mwisho kabisa ndipo neno la siri la Sista lilipobadilishwa. Hakuna aliyelalamika. Hakuna hata aliyetambua siku lilipobadilishwa, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyelihitaji tena.

Ndicho nilichotaka kukuambia Ijumaa badala ya kwenda kununua maji. Uzibe, lakini mwisho. Kwanza watafutie mlango.

Usinielewe kwamba nataka turudi kwenye karatasi. Nimehangaika na mwandiko wa madaktari miaka mingi kuliko umri wako. Sasa majibu ya maabara nayaona bila kupanda ngazi. Mashine imeshanizuia kumpa mtoto dawa isiyomfaa, ikaniambia kwa herufi nyekundu, nikaishukuru kwa sauti mpaka Akello akanicheka. Naipenda. Ndiyo maana mwezi uliopita nilikubali kuwa mtu wa kuwafundisha manesi wapya wa wodi yetu, kazi ambayo hapo kabla niliikataa mara mbili. Hiyo sikuwaambia nyumbani. Nilitaka kwanza nione kama naiweza. Naiweza.

Utakapofika utawakuta watu ninaowajua bila kuwaona. Kutakuwa na mama mmoja mtu mzima atakayekuita "mwanangu", atakuletea chai, atasifu nywele zako, na hataigusa tableti. Huyo ni mimi. Ukimuuliza kama ameelewa, atasema ndiyo. Usimuulize. Mpe aishike akuonyeshe, na mkae wawili peke yenu, si mbele ya vijana aliowafundisha yeye. Lugha anayotania nayo ndiyo umfundishie. Ukiwa huna lugha hiyo, tafuta Akello wa huko. Kila wodi ina wake, na amechoka, na hakuna anayemshukuru.

Ukiona ujanja wa ajabu, mtu amefunga kitu kwa plasta, mtu amempa mgonjwa mashine ashike, usianze na neno uvivu. Nilikuwa mvivu nilipojificha nyuma ya jina la Akello, nakubali. Lakini nilipompa Bi Zamzam tableti sikuwa mvivu, nilikuwa nataka kuhesabu. Kwa nje yote mawili yanafanana. Huwezi kuyatofautisha ukiwa ofisini.

Na sasa la mwisho, ambalo ndilo gumu.

Ulituambia wewe mwenyewe kwamba kule Arua jioni wodi ya watoto inabaki na nesi mmoja, na sista msimamizi anakaa ng'ambo ya mji. Mmoja. Basi mlango wetu wa majina mawili hautafaa kwake. Anahitaji mlango mwingine na mimi siujui. Hata wewe hutaujua ukiwa ndani ya basi. Utaujua ukikaa naye jioni kadhaa, na hilo haliwezi kumalizika wiki ya kwanza kama bosi wako anavyotaka.

Kwa hiyo utalazimika kumwambia hapana. Mwambie kwa adabu, kwa maandishi kama ni lazima: nitauziba, lakini nipe muda wa kukaa wodini kwanza. Pengine atakubali; Bwana Bonyeza naye ana bosi, na bosi yule alikubali. Pengine hatakubali. Uko kwenye miezi ya majaribio na najua umeingoja kazi hii kwa muda gani, nilikuwa nakusikia ukizunguka sebuleni kila simu ilipolia. Sikuambii jambo hili kwa wepesi. Akikushurutisha, nakuomba ukatae. Usibonyeze kitu ambacho kitamwacha nesi yule peke yake na mtoto anayeguna, dawa iko upande wa pili wa skrini, na hakuna wa kumpigia.

Wakikurudisha kwa sababu hiyo, nipigie simu ukiwa bado njiani. Usiombe mtu akufiche, usingoje giza liingie ndipo ufike mtaani. Nitaomba ruhusa kazini, nije kituo cha mabasi mchana, nilichukue begi lako mwenyewe, nipite nalo mbele ya kila duka la hapa Kisugu. Atakayeniuliza kwa nini umerudi, nitamweleza kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sitakatisha penye kicheko.

Papa yako